Halali na Kilicho Kizuri: Nasaha juu ya Chakula cha Mkulima Mnyonge

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo nafaka na matunda. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani hii tuletewapo chakula, swali letu la kwanza ni moja: je, ni halali? Tukijibiwa kuwa mnyama amechinjwa kisheria, na kwamba chunguni hamna nguruwe wala pombe, basi twala, twashukuru, na twaona kuwa tumemaliza wajibu wetu. Lakini Mola wetu katika Suratul Baqara hakutuamrisha tule kilicho halali peke yake. Amelifuatisha neno hilo na neno la pili, nalo ni tayyib, yaani kilicho kizuri, kisafi, kisichodhuru. Neno hili la pili tumelisahau. Na baada yake liko swali la tatu, ambalo twalikimbia kwa kuwa jibu lake latuhusu sisi wenyewe: chakula hiki kimetokaje mkononi mwa aliyekilima, naye amebakiwa na nini cha kuwapa watoto wake?

Jambo hili si dogo. Hesabu ya afya iliyofanywa na serikali yetu mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika Kenya nzima, kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa kwa kukosa lishe njema. Katika kaunti ya Kilifi waliodumaa walikuwa 37 katika kila 100, na hapana kaunti iliyoizidi. Kilifi si jangwa. Ni nchi ya minazi, ya mikorosho na ya miembe, na bahari i karibu. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikuwa haba misimu mitano mfululizo, nasi hatukanushi kuwa ukame ni mtihani utokao kwa Mungu. Lakini twasema kuwa juu ya mtihani wa Mungu tumeongeza dhuluma ya mikono yetu.

Tutatoa mfano mmoja tulioushuhudia. Jamaa wa darasa letu tulikwenda kumzuru mzee mmoja katika kijiji kilicho nyuma ya mji, mtu wa swala tano, mwenye miembe michache aliyoirithi kwa babaye. Miembe ilikuwa imesheheni maembe ya ngowe, nasi tukamwambia, “Mzee wetu, mwaka huu Mungu amekujaalia.” Akatabasamu, akasema, “Maembe si yangu, wanangu. Nimeyauza yangali maua.” Tukamwuliza kwa nini. Akajibu, “Embe lataka Disemba, na watoto wataka kula leo.” Mahindi yake ya masika yalikuwa yamekauka shambani. Alikuja mnunuzi mwezi wa nane, akaitazama miti, akamkatia bei, na bei ya mti mzima haikufikia bei ya gunia moja la mahindi. Mzee akapokea. Siku ile jikoni kwake palikuwa na ugali na chai ya rangi, na wajukuu zake walikuwa wakiyatazama maembe juu ya mti wa babu yao wasiweze kuchuma hata moja.

Na huyo mnunuzi ni nani? Si mgeni. Ni mwenzetu wa safu ya mbele msikitini. Na katika Ramadhani iliyotangulia yeye ndiye aliyetutolea sehemu kubwa ya futari ya mayatima, nasi tukamshukuru mbele ya watu. Twayaandika haya kwa haya na kwa masikitiko, kwa sababu hatukumwuliza lolote juu ya mali yake, na pengine miongoni mwa mayatima tuliowafuturisha walikuwamo watu wa nyumba zilizouza maua yao kwake.

Sasa na tuitazame Sheria. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. alikataza kuuza matunda kabla haijadhihirika kuwa yatafaa, na akamkataza muuzaji na mnunuzi pamoja. Hekima yake haijifichi. Maua hayajulikani yatazaa kiasi gani: upepo wayapukutisha, mvua yayaoza, wadudu wayala. Mnunuzi kwa kuiogopa hasara hushusha bei mpaka iwe si kitu, na mkulima kwa njaa hukubali. Zikiharibika, mmoja amekula mali ya nduguye bila ya badali, na Mtume s.a.w. aliuliza swali hilo hilo: Mungu akiyazuia matunda, mtu ataihalalishaje mali ya mwenziwe? Na zikistawi, mkulima amepokonywa jasho la mwaka mzima. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameruhusu uuzaji wa namna hii kwa sharti kuwa matunda yakatwe papo hapo, na yawe yana manufaa. Basi maua ya mwembe yakikatwa leo yatamfaa nani?

Tulipomwendea yule ndugu yetu na kumweleza haya, hakukasirika. Alitujibu kwa maneno ambayo wengi huyasema: “Mimi nisiponunua, atanunua mwingine, na asiponunua yeyote, mzee atalala na njaa.” Maneno haya yana ukweli ndani yake, wala si haki kuyapuuza. Kumkataza tajiri asinunue maua, kisha tukamwacha mkulima bila ya chakula, si kuitengeneza hali, bali ni kuibadilisha dhuluma kwa njaa. Lakini Mtume s.a.w. hakufunga mlango huu ila alifungua mwingine.

Alipofika Madina aliwakuta watu wakitoa fedha mbele kwa matunda ya mwaka mmoja na miaka miwili. Hakuwakataza, bali aliwawekea mpaka: mwenye kutanguliza fedha, atangulize kwa kipimo kinachojulikana, au uzito unaojulikana, mpaka muda unaojulikana. Hii ndiyo biashara ya salam. Mnunuzi hulipa bei yote pale pale katika kikao. Hupewa ahadi ya maembe ya aina iliyotajwa, kilo kadhaa, siku fulani, mahali fulani. Hanunui matunda ya mti huu wala mti ule, kwani mti mmoja huweza kukosa kuzaa. Yatakayozidi kilo zile ni ya mkulima: ayale, ayauze, au awagawie wajukuu. Na siku ikifika yasipatikane, mnunuzi ana hiari, angoje au arudishiwe fedha yake ile ile bila ya kuongeza senti moja. Tazama tofauti yake! Katika uuzaji wa maua mkulima huuza asichokijua. Katika salam hujua alichouza na alichobakiza.

Na lililo bora kuliko hilo ni karadha njema: watu wa msikiti wakusanye fedha, wamkopeshe mkulima katika miezi ya dhiki bila ya riba, naye alipe baada ya kuvuna na kuuza kwa bei ya soko. Msikiti ulioweza kununua mazulia mapya hauwezi kusema kuwa hauna uwezo wa kuwakopesha wakulima kumi.

Ama sasa tulirudie lile neno tayyib. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na jirani zake watu 317 waliugua na 125 wakafa, na sababu ilikuwa mahindi. Hawakutiliwa sumu na adui. Mahindi yaliwekwa yangali na unyevu, yakaota ukungu, na ukungu ukazaa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini, wala haiondoki kwa kupikwa, hata ugali ukikaa motoni kutwa. Basi kumbukeni ile hadithi mashuhuri aliyoipokea Muslim: Mtume s.a.w. alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikagusa maji. Akamwuliza mwenyewe ni nini hiki. Akajibu kuwa ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuziweka zilizorowa juu watu wakaziona, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Sisi tulikuwa tukiisoma hadithi hii kuwa ni habari ya bei tu. Leo twajua kuwa unyevu ule huweza kuua. Mwenye duka anayechanganya gunia bovu na magunia mazuri, ili asipate hasara, huenda anaiuza roho ya mtoto wa mtu.

Na mkulima naye ana wajibu wake. Asianike mahindi juu ya udongo mtupu, bali juu ya jamvi au turubai. Ayatenge yaliyooza na yaliyobadilika rangi, wala asiwape kuku na ng’ombe, maana sumu huingia katika maziwa. Na akitaka kujua kama yamekauka, achukue chupa kavu, atie mahindi kidogo na chumvi kavu, aifunge, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na unyevu na yarudi juani. Huu ni ujuzi usiogharimu kitu, nasi twawaomba maimamu wautaje hata mimbarini, kwani kuilinda nafsi ni katika makusudio ya Sheria.

Kadhalika, ndugu zetu, tusidhani kuwa chakula bora ni kile kinunuliwacho kwa bei ghali. Kunde na majani yake, pojo, mbaazi, mchicha, kisamvu kilichopikwa barabara, mtama, mayai ya kuku wetu na dagaa ni chakula cha afya, na wazee wetu walikijua. Twastaajabu kumwona mtu akiuza mayai na kunde zake ili anunue mkate mweupe na soda, kwa kuwa ameambiwa kuwa hicho ndicho chakula cha watu wa mjini. Na futari zetu pia zimo katika lawama hii: mayatima huwapa kaimati na sharubati ya rangi, tukasema tumewakirimu.

Liko jambo jingine ambalo huzifilisi nyumba maskini, nalo ni karamu za matanga. Mtu akifa, mjane hulazimika kuuza mbuzi, na hata mahindi aliyoyaweka kuwa mbegu, ili awalishe waliokuja kumpa pole. Haya si mafunzo ya dini. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliamrisha watu wawapikie jamaa wa Jaafar, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Sunna ni jirani kupeleka chakula kwa wafiwa. Sisi tumeigeuza, tukawa twala chakula cha mayatima siku ile ile walipokuwa mayatima.

Mwisho tuizungumze zaka. Mwenyezi Mungu katika Suratul An’am ametuamrisha tuitoe haki ya mazao siku ya kuvunwa kwake. Nafaka zikifika wasaq tano, yaani pishi 300, ambazo wanazuoni wengi wa leo hukadiria kuwa ni karibu na kilo 650, au magunia zaidi ya 7 ya kilo 90, yampasa mwenyewe kutoa sehemu ya kumi ikiwa zimeota kwa mvua, na nusu ya sehemu ya kumi ikiwa zimenyweshwa kwa gharama. Wangapi katika wenye mashamba makubwa huitoa? Na sisi wafanyabiashara, zaka zetu huzigawa vipi? Huwapanga maskini mlangoni mwa duka katika Ramadhani, kila mmoja akapewa noti ya shilingi hamsini, akaondoka ni maskini vile vile. Wanazuoni wetu wamesema kuwa fakiri hupewa kiasi cha kumtoa katika ufakiri, na mwenye kazi hupewa ala za kazi yake. Basi ala za mkulima ni jembe, mbegu njema, na mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka. Mpe nyumba moja zaka iliyo kamili, ili mwakani isihitaji kuuza maua.

Sheria ya nchi hii nayo, katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imesema kuwa kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha kilicho bora. Twawataka wenye mamlaka waitimize. Lakini siku ya Kiyama hatutaulizwa juu ya kaunti. Tutaulizwa juu ya jirani.

Darasa letu limeazimia mambo mawili. La kwanza, kuanzisha mfuko wa karadha njema kabla ya mwezi wa nane, tukianza na mzee wetu yule na jirani zake. La pili, kutopokea futari kwa mtu yeyote bila ya kumnasihi juu ya chumo lake. Yule ndugu yetu mnunuzi ametuahidi kuwa msimu ujao atanunua kwa salam, kwa mzani, mbele ya mashahidi. Ni ahadi, nasi tutaitazama. Akiitimiza, sifa ni za Mungu. Asipoitimiza, tutamwendea tena, kwani yeye ni ndugu yetu na safu yetu ni moja.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako utuepushe na haramu yako. Utupe riziki iliyo nzuri, utuoneshe haki kuwa ni haki utujaalie kuifuata. Wahurumie wanaolima wasile, na utusamehe sisi tuliokula tusiulize. Amin.