Sadaka ya Mume na Mke

Wakatekumeni wapenzi, mmekwisha kufundishwa kwamba mapendo kwa jirani ni amri ya Mungu. Lakini swali hili huulizwa mara nyingi: Je, mume na mke wasio na mali nyingi wapaswa kuwasaidia walemavu wasiowajua, hali watoto wao wenyewe wanahitaji chakula na karo? Na wakitoa, mwenye sadaka ni nani: mume, mke, au wote wawili?

Uangaliwe kwanza mfano wa kweli. Mwaka 1986 daktari wa mifupa kutoka Marekani, Scott Harrison, alifika Malawi pamoja na mkewe Sally. Huko waliona watoto walemavu ambao wangaliweza kuponywa, lakini waganga wa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mwaka 1996 mume na mke hao walianzisha shirika liitwalo CURE, na mwaka 1998 hospitali yake ya kwanza ilifunguliwa Kijabe, nchini Kenya. Baadaye zilifuata nyingine, kama ile ya Mbale katika Uganda na ile ya Lusaka katika Zambia, jirani na Katanga.

Mtu atasema: «Hao walikuwa na uwezo, sisi tuna nini?» Lakini wahenga walinena: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ifikiriwe kazi yenyewe ya kuponya. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda hunyoshwa mguu polepole kwa mikono, kisha hufungwa plasta. Kila juma plasta hubadilishwa, mara tano au sita au zaidi. Baada ya hayo huvaa viatu viwili vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, kwanza mchana na usiku, halafu usiku tu, hata miaka kadhaa. Akiachishwa mapema, mguu waweza kurudi katika upotovu wake.

Basi, hospitali yaweza kuwako, na daktari akawako, mtoto asipone. Kwa sababu gani? Kwa sababu mama yake ametoka kijiji cha mbali, hana nauli ya kurudi kila juma, wala hana mahali pa kulala mjini. Hapo sadaka ya maskini ina kazi ambayo fedha za tajiri peke yake haziwezi kuimaliza. Mume na mke wa Kampemba, katika mji wa Lubumbashi, mmoja fundi wa matofali na mwingine mwuza makala, hawawezi kujenga hospitali. Lakini waweza kumpa mama huyo mkeka, sahani ya bukari, na nauli ya juma moja.

Lakini haki hutangulia sadaka. Mwenye deni alipe deni. Mwenye watoto awalishe. Anayewanyima watoto wake chakula ili asifiwe na watu, hatoi cha kwake, bali cha watoto. Hata hivyo, si kila kitu kiitwacho haja ni haja. Karo ni haja. Pombe ya kila jioni si haja. Nyumba nyingi zisemazo «hatuna» zinayo sehemu ndogo inayopotea bila faida.

Tena, mali ya nyumba ni jasho la wawili. Mume akitoa kwa siri fedha za makala aliyouza mkewe, ametoa jasho la mwingine. Kadhalika mke asimfiche mumewe. Waketi, wahesabu pamoja, wakubaliane.

Je, kupatana kwatosha? Hakutoshi. Katika Matendo ya Mitume, Anania na mkewe Safira walipatana vema, lakini walipatana katika uwongo: waliuza shamba, wakaficha sehemu ya fedha, wakajidai kutoa yote. Petro hakuwalaumu kwa sababu ya kubakiza. Alisema shamba lilikuwa lao, na fedha vilevile zilikuwa mkononi mwao. Kosa lao lilikuwa kusema uwongo. Kwa hiyo mwenye kutoa kidogo na kusema ni kidogo, hana aibu. Yule mjane wa Evanjili alitia senti mbili tu, na Bwana wetu Yezu Kristu akamsifu kuliko matajiri.

Jibu ni hili: mume na mke wapaswa kutoa, kwa kadiri ya uwezo, baada ya haki, kwa mapatano na kwa ukweli. Na kwa kuwa mguu haunyoshwi kwa siku moja, heri kidogo kisichokoma kuliko kingi cha siku moja.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
1. Katika nyumba yetu, kipi ni haja, na kipi ni tamaa?
2. Je, tulichotoa mwisho, tulikitoa kwa mapatano?
3. Ni mtoto gani wa jirani ambaye hajafika hospitali kwa kukosa nauli tu?