Jirani wa Siku za Shwari

Hapana mtu asiyejua ya kuwa mwenye shida yapasa asaidiwe. Hata mtoto mdogo, amwonapo mwenziwe ameanguka, humkimbilia. Lakini liko swali lingine lililo gumu kuliko hilo, nalo ndilo tutakalo kulitafakari katika ukurasa huu: Je, kumpenda jirani ni jambo la moyo uliochomwa na msiba, au ni desturi ishikwayo siku zote, hata siku ambazo hapana anayelia? Wengi watajibu upesi ya kuwa ni jambo la moyo. Sisi twaona jibu hilo kuwa ni nusu ya kweli, na ile nusu iliyosahauliwa ndiyo mara nyingi iokoayo watu.

Na tutwae mfano wa nchi ya Ufilipino. Nchi ile ni visiwa zaidi ya 7,000 katika bahari ya Pasifiki, na kila mwaka hupigwa na tufani, si moja wala mbili. Tarehe 8 Novemba 2013, kabla ya mapambazuko, tufani iitwayo Haiyan, ambayo wenyeji waliiita Yolanda, ilifika nchi kavu penye mji wa Guiuan katika kisiwa cha Samar, kisha ikavuka Leyte na visiwa vilivyo magharibi. Nguvu ya upepo wake ilikadiriwa kupita kilometa 300 kwa saa. Lakini katika mji wa Tacloban, ulio katika Leyte, wengi hawakuuawa na upepo, bali na maji. Bahari ilisukumwa ndani ya ghuba, ikainuka kimo cha meta 5 na zaidi, ikaingia majumbani mwa watu. Meli kubwa zikatupwa juu ya nchi kavu katikati ya nyumba. Serikali ilihesabu maiti 6,300, na watu wengine zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Watu yapata milioni 4 walihama makwao, na nyumba zaidi ya milioni 1 zilibomoka au kuharibika. Minazi nayo ilianguka mamilioni. Na kila mtu wa pwani ajua mnazi mchanga hukawia miaka mingapi kabla ya kuzaa.

Sasa yafaa tuangalie kisiwa kidogo kiitwacho Tulang Diyot, kilicho katika visiwa vya Camotes, jimbo la Cebu. Wakazi wake walikuwa yapata 1,000, na nyumba zao yapata 500. Tufani ilizivunja nyumba zile zote. Lakini watu hawakufa, hata mmoja. Walikuwa wamekwisha kuvushwa kwa mashua siku iliyotangulia, wakakaa katika kisiwa kikubwa kilicho karibu.

Ilikuwaje? Watu wa huko, chini ya mji wa San Francisco, walikuwa na desturi iitwayo purok. Purok ni mtaa mdogo wa nyumba chache, wenye viongozi wake waliochaguliwa na wenyeji wenyewe. Hukutana mara kwa mara, hushauriana juu ya takataka na bustani, huchanga fedha kidogo kidogo za kumfaa mwenzao apatwapo na shida. Ni mambo madogo yasiyovuta macho ya mpita njia. Lakini kwa mambo hayo kila mtu alimjua jirani yake: ni nani aliye mzee asiyeweza kutembea, ni nani mwenye mashua, ni nani mwenye watoto wengi. Katika mwaka wa 2011, yaani miaka miwili kabla ya tufani ile, Umoja wa Mataifa ulikwisha kuupa mji huo tuzo kwa ajili ya kazi hiyo. Basi siku ilipoamriwa kuhama, aliyeleta habari hakuwa mgeni, bali ni yule yule waliyezoea kuketi naye.

Huenda mtu akauliza: Je, watu wa Tacloban hawakupendana? Hasha! Wako waliozama wakiwashika wengine mikono, na hapana awezaye kupima upendo wao. Hata maonyo walipewa. Lakini jina la hatari ile, bahari isukumwayo na upepo, lilikuwa geni masikioni mwa wengi. Na baadaye watu walisema ya kuwa kama wangaliambiwa kwa neno walilolijua, wangalikimbia. Wengine walibaki nyumbani kuvilinda vitu vyao, kama mtu awaye yote angefanya akidhani ya kuwa yaja mvua na upepo tu. Twajifunza ya kuwa maarifa hayatoshi kutangazwa. Yahitaji kinywa cha mtu anayeaminiwa, naye huaminiwa kwa sababu ya siku nyingi zilizotangulia. Uaminifu wa namna hiyo hauwezi kununuliwa jioni ya tufani. Wazee wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaweza kuongeza ya kuwa ufa ulio mbaya kuliko yote ni ule ulio kati ya nyumba na nyumba.

Tufani ikiisha kupita huja swali la pili: Yeye aliyesaidiwa, anabaki kuwa mtu wa namna gani? Wafilipino wanalo neno, utang na loob, maana yake ni deni lililo ndani ya moyo. Aliyetendewa wema katika dhiki huhesabu kwamba anadaiwa, pengine maisha yake yote. Neno hili lina uzuri, kwa kuwa lakataza utovu wa shukrani. Lakini lina hatari pia. Mtu mkubwa akigawa mchele leo apate kudai utii kesho, huyo hakusaidia. Amenunua watu kwa bei ya njaa yao.

Dawa ya hatari hiyo imo katika desturi yao nyingine, iitwayo bayanihan. Zamani, mtu alipotaka kuhamisha nyumba yake ya mianzi na makuti, majirani walipitisha mianzi mirefu chini ya sakafu, wakaiinua nyumba nzima mabegani, wakaenda nayo. Na mwenye nyumba alifanya nini? Aliwapikia chakula, wakala pamoja. Tazameni busara iliyomo! Aliyesaidiwa hakuachwa mikono mitupu. Alikuwa mgonjwa wa haja asubuhi, na jioni akawa mwenyeji wa karamu.

Tacloban iliyabomoka iliona jambo lifananalo na hilo. Chama cha Wabudha kiitwacho Tzu Chi, kilichotoka Taiwan, kiliwaita wenyeji wasafishe mitaa yao wenyewe, kikawalipa peso 500 kwa siku. Mtu aweza kupinga: Je, ni ujirani huo, kumlipa mtu afagie mlango wake? Sisi twajibu, ndiyo, kwa wakati ule. Aliyepoteza nyumba na jamaa alipata fedha ya kununua chakula, lakini pia alipata ufagio mkononi na sababu ya kuamka asubuhi. Sisi nasi twasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile si adhabu ya mgeni. Ni alama ya kuwa sasa ahesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba.

Wala tusifiche habari iliyo chungu. Siku chache baada ya tufani, huko Alangalang katika Leyte, watu wenye njaa waliiingia ghala ya mchele ya serikali. Ukuta ukaanguka, watu 8 wakafa. Je, walikuwa wezi? Aliyeshiba asiwe mwepesi wa kuhukumu. Mchele ulikuwapo, na njaa ilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuvikutanisha kwa utaratibu. Hapo twaona ya kuwa hata wingi wa chakula waweza kuua, pasipo mkono wa kugawa.

Lakini desturi nayo ina mipaka yake, nasi hatutaki kuisifu kupita kiasi. Desturi isiyo na moyo hugeuka kuwa hesabu ya nani alikuja mazishini na nani hakuja. Tena majirani hawawezi kujenga barabara, wala hospitali, wala nyumba imara za kukimbilia. Hiyo ni kazi ya serikali, na ujirani mwema usifanywe kuwa mto wa kulalia wenye mamlaka. Twasema hili tu: moyo ni kama moto, na desturi ni kama mafiga. Moto usio na mafiga hauivishi chungu.

Pwani yetu nayo haikuepushwa na mambo haya. Katika mwaka wa 1872 tufani iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini, na katika Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia. Basi, ndugu msomaji, na wewe mwalimu wa mtaa, jiulize kabla ya msimu wa mvua: Katika nyumba kumi zilizo karibu nawe, ni nani asiyeweza kukimbia? Ni nani atakayembeba? Naye mbebaji, je, amekwisha kuambiwa? Kama hujui, nenda ukaulize wiki hii, maadamu mbingu ni nyeupe.