Mlima na Jirani Yake

Wahenga walisema kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Aghalabu neno hili husemwa kwa kuwafariji watu wanaoagana. Lakini lina upande mwingine usiotazamwa sana. Mlima hauhami, kila jambo lijalo, vita au amani, njaa au shibe, huukuta pale pale, na mtu aliyejenga chini yake hukutwa pamoja nao. Basi nauliza: je, ni haki mtu atozwe gharama kwa sababu tu ya mahali anapokaa?

Tuutazame Mlima Kasigau, katika nchi ya Wataita, Kenya. Huinuka peke yake kutoka nyika kavu hata kupita mita 1,600. Kileleni pana msitu unaonasa ukungu utokao upande wa bahari, na maji yake huteremka kwa mabomba hata vijiji vya chini, kama Rukanga, Jora na Bungule. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa ya Mashariki na ya Magharibi. Mlima umebaki nje, kando ya mpaka. Walakini ndovu hasomi ramani, na njia zake ni za kale kuliko mpaka.

Mlima huu una habari ya kuhuzunisha. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walishambulia kambi ya Waingereza hapo Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa walimsaidia adui, wakawahamishia Malindi. Watu wa mlimani hawakuzoea joto la pwani wala malaria yake, na wengi walikufa. Waliosalia hawakurejea mpaka miaka ya 1930. Wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Hata kama palikuwa na mtu mmoja aliyewaonyesha Wajerumani njia, mtoto mchanga na bibi kizee walitenda nini? Kosa walilokuwa nalo wote pamoja lilikuwa moja tu: kukaa pale.

Leo hapana vita hiyo. Lakini mkulima wa nyikani hukesha akilinda mahindi yake, na ndovu akiingia, kazi ya msimu mzima huisha usiku mmoja. Pengine huisha na uhai wa mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa wa aliyeuawa na mnyama wa porini. Ni jambo jema sheria kukiri deni. Ila kukiri deni si kulilipa, na aliyefiwa na baba hana wasaa wa kungoja.

Wako wasemao kwamba wanyama na misitu ni mali ya ulimwengu wote, na faida ya wengi huishinda hasara ya wachache. Hoja hii ni nyepesi kinywani mwa asiyepoteza kitu. Wako wengine wasemao kwamba mlima ni wa wenyeji, wafanye wapendavyo. Na hawa nao wamekosea. Msitu wa kileleni ukikatwa, chemchemi hufifia, na mtoto ambaye bado hajazaliwa atakuta mabomba makavu. Mwenyeji naye ana wajibu kwa mlima wake, maana alirithi maji yasiyo jasho lake.

Kwangu mimi, jina lifaalo ni amana. Mtunza amana hana ruhusa ya kuila. Lakini aliyeweka mbuzi wake kwa jirani hawezi kumwambia jirani amlishe mbuzi huyo kwa mahindi ya watoto wake, kisha yeye aje kumsifu mbuzi kwa kunenepa. Amana ina pande mbili, na anayetaka kitu kitunzwe ni mdeni wa mtunzaji. Tangu mwaka 2011 watu wa nchi za mbali wamenunua hati za hewa ya ukaa zitokanazo na misitu ya ukanda wa Kasigau. Biashara hiyo ina maswali yake, lakini ni ushuhuda kwamba hata walio mbali wamefahamu kuwa utunzaji una bei.

Hata hivyo fedha si mwisho wa deni. Mwaka 1915 watu wa Kasigau hawakuulizwa neno, walihukumiwa, wakachukuliwa. Anayemlipa jirani bila kumuuliza shauri amemfanya mtumishi, hajamfanya mwenzi. Haki huanza pale mkaaji wa chini ya mlima anapokuwa wa kwanza kuulizwa, si wa mwisho kuarifiwa.

Makao si kosa. Mlima hauwezi kuondoka mahali pake. Basi heri sisi, tunaoupenda kutoka mbali, tuondoke mahali petu twende tukakutane na jirani yake.