Hoja na Imani

Kuuliza si ujinga, wala shaka si uasi. Mtu aambiwaye kwamba Mungu yuko, na kwamba alijidhihirisha kwa wanadamu katika Yesu Kristo, ana haki ya kutaka sababu. Kumnyamazisha ni kumdhulumu. Haipendezi mtu aambiwe atumie akili yake sokoni, shambani na barazani, kisha aivue kama viatu afikapo mlangoni pa kanisa.

Wakristo wa kale walilijua jambo hili. Katika karne ya 11 Anselm, mtawa wa Bec katika Normandy, alijaribu kuthibitisha kuwako kwa Mungu kwa fikira tupu. Alisema kwamba Mungu ni yule ambaye hapana mkuu zaidi yake awezaye kufikiriwa. Na kwa kuwa kuwako kweli ni ukuu kupita kuwako katika mawazo tu, Mungu hana budi awe yuko kweli. Gaunilo, mtawa mwenzake, alimpinga. Alisema kwamba kwa hoja ya namna hiyo mtu angeweza kuthibitisha hata kisiwa cha kuwazika tu, kizuri kupita visiwa vyote. Anselm alimjibu, kisha akataka pingamizi na jibu viandikwe pamoja na kitabu chake. Wote wawili waliamini. Walichogombania ni uthabiti wa hoja. Hoja ilitikisika, imani haikuanguka.

Hapa faida na mpaka wa hoja vyaonekana pamoja. Faida yake ni kubwa. Hoja hufichua uongo uliovaa joho la dini. Hupunguza majivuno ya mwenye kuamini. Humwinua aliyeangushwa na hoja nyingine. Imani iogopayo kuulizwa haiwezi kujipambanua na ushirikina.

Lakini kukubali hoja si kuamini. Blaise Pascal wa Ufaransa alilitambua jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1654 aliandikiana na Pierre de Fermat juu ya hesabu za kamari, na baadaye alitumia mfano wa kamari kuonyesha kwamba amwaminiye Mungu ana faida isiyo na kikomo mbele yake, na hasara ndogo. Hata hivyo alikiri kwamba mtu aweza kushindwa na hoja hii na bado asiweze kuamini. Akamshauri aanze kuishi kama waaminio waishivyo. Pascal alipokufa mwaka 1662, ilikutwa karatasi iliyoshonwa ndani ya koti lake. Ilieleza usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, usiku wa furaha na machozi. Bingwa huyu wa hesabu hakubeba hesabu kifuani pake. Alibeba kumbukumbu ya kukutana.

Mpaka mwingine ni wa huruma. Katika Kitabu cha Ayubu, rafiki watatu walimtetea Mungu kwa hoja nyingi mbele ya mtu aliyefiwa na watoto na kujaa majipu. Mwisho wa kitabu wao ndio waliokemewa, na Ayubu aliyelalamika akakubaliwa. Hata hoja iliyo sahihi darasani yaweza kuwa jiwe katika nyumba ya matanga. Aulizaye kwa machozi hatafuti ushindi wa mjadala.

Basi hoja ipewe heshima yake, isipewe kiti kisicho chake. Kazi yake ni kufyeka njia. Njia ikisha kufyekwa, msafiri hana budi kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Na asiyetaka kwenda, mwenye hoja hana ruhusa ya kumburura.