Nasaha kwa Anayeanza Kazi

Mdogo wangu, barua ya ajira umeipata, hongera. Mkataba utakueleza mshahara, saa za kazi na likizo. Hautakueleza utampigia nani siku mambo yakikuharibikia. Huyo utamtafuta mwenyewe.

Anza na salamu. Mlinzi wa getini, mama anayefagia, mhasibu, mkuu wako: usimruke mtu. Na chai ya saa nne usinywe peke yako umeinamia simu. Mimi nilipoanza ualimu nilikuwa nachukua chapati yangu na kwenda nayo meza ya pembeni kusahihisha madaftari. Nilijiona mchapakazi, wenzangu waliona naringa, na hawakukosea sana. Siku moja mama mmoja wa somo la Kiswahili akavuta kiti, akatua kikombe chake juu ya madaftari yangu. "Mwalimu, haya hayana miguu, utayakuta." Kikombe kiliacha duara la chai kwenye jalada la mtoto wa watu. Nikalifuta kwa leso, likazidi kuenea, tukacheka.

Mwaka uliofuata nilifiwa na baba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa msiba wa mzazi. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kuzika Bukoba kwa basi, nyingi ya siku hizo huishia barabarani. Yule mama aligawa vipindi vyangu bila kuniuliza, kidato cha pili akakibeba mwenyewe, kisha akaenda kwa mkuu kuniombea siku za ziada. Baadaye shule nyingine iliniita kwa mshahara mnono zaidi. Sikwenda.

Mwajiri asije akaisoma habari hii vibaya. "Sisi hapa ni familia" si malipo, na mshahara unaocheleweshwa huwagombanisha hata marafiki.

Urafiki wa kazini nao una adabu zake. Mwenzako akikufungulia moyo kuhusu ndoa yake, neno hilo lisifike kwenye meza ya chai. Kundi linaloshikamana kwa kumsema mtu likimbie. Ukitoka tu kwenda msalani, zamu ni yako. Mkicheza mchezo, toa fungu lako siku yake, hasa ukiwa umeshapokea.

Usimsainie rafiki kwenye daftari la mahudhurio. Niliwahi kumsainia mwenzangu aliyeniambia yuko njiani, kumbe yuko Morogoro. Tuliandika barua za kujieleza wawili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakunitazama usoni kwa muhula mzima. Ningemkatalia asubuhi ile angenuna mpaka saa nne, basi.

Rafiki yako akipandishwa cheo, mbele za watu mwite kwa cheo chake, utani uuache kwa ajili ya safari ya kurudi nyumbani. Usimwombe akupangie zamu nyepesi. Akikuonya, pokea kama ungeonywa na mwingine yeyote; naye ana mkubwa wake anayemtazama, na pengine hakulala vizuri akifikiria namna ya kukuambia.

Jumatatu fika mapema kidogo, uulize vikombe vinakaa wapi.