Shauri la Yethro

Musa alisema na Mungu uso kwa uso, walakini mkwewe Yethro alipomwonya kwamba kazi ile itamchosha, alisikia, akatenda (Kut. 18). Bali sisi mara nyingine hukiita kiburi chetu imani. Yuko mchimbaji mdogo wa Geita auzaye dhahabu yake kwa mtu anayemdai, asiulize uzito wala bei, akisema, “Mungu atanijalia”. Na nyumbani watoto hulala njaa. Kumbe, tangu mwaka 2019, liko soko mjini ambapo dhahabu hupimwa waziwazi. Basi kabla ya kuuza au kukopa, tumwulize ajuaye, hata kama si wa usharika wetu. Yethro naye alikuwa Mmidiani. Huenda Bwana amekwisha kutujibu kwa kinywa chake.