Bei ya Shujaa Hulipwa na Nani?

Kujitolea kuna sharti moja: lazima kitu kipotee kweli. Anayetoa kisha akarudishiwa chote alichotoa hakujitolea, amekopesha tu. Sharti hili ndilo kipimo kizuri zaidi cha filamu ya Superman II, iliyoanza kuonyeshwa Australia na sehemu za Ulaya mwishoni mwa 1980, kisha ikafika Marekani Juni 1981. Wapenzi wa filamu za mashujaa huihesabu miongoni mwa sehemu za pili zilizofana, na sifa hiyo haikutolewa bure. Lakini ubora wake na kasoro yake vimetoka mahali pamoja. Ni filamu inayotambua kwamba kila uamuzi mzito una bei, kisha ikamwondolea shujaa wake bei hiyo. Na kwa kuwa bei haifutiki kwa kutamaniwa ifutike, ikamwangukia mtu mwingine.

Tuanze na ubora. Superman, aliyeigizwa na Christopher Reeve, anampenda mwandishi wa habari Lois Lane, aliyeigizwa na Margot Kidder. Mama yake Lara, ambaye sauti na sura yake zimehifadhiwa katika ngome ya barafu huko kaskazini, anamwambia kwamba akitaka kuishi na binadamu itampasa awe binadamu, na kwamba akishavuka hakuna kurudi. Anakubali. Anaingia katika chumba chenye mwanga mwekundu, anatoka akiwa mtu kama watu. Baadaye, katika mkahawa wa kando ya barabara, dereva wa lori anampiga ngumi, naye anaiona damu yake mwenyewe. Filamu nyingi za aina hii hudhani kumtia shujaa majaribuni ni kumletea adui mwenye misuli zaidi. Hii imemjaribu kwa kumpa alichokitaka, kisha ikamwonyesha gharama yake, kwanza mwilini na halafu katika dhamiri: papo hapo mkahawani anamwona kwenye televisheni rais wa Marekani akisalimu amri kwa Jenerali Zod, mhalifu kutoka sayari yake mwenye nguvu zilezile alizozitupa yeye.

Tukio la Ikulu linaonyesha kwamba wazo la bei halikujiingiza humo kwa bahati. Mtu anayejifanya rais anapiga magoti mbele ya Zod, na Zod anang'amua mara moja kwamba huyo siye, kwa kuwa kiongozi wa watu wengi hivyo hawezi kupiga magoti upesi namna hiyo. Rais wa kweli anajitokeza na kupiga magoti ili kuokoa maisha ya watu, na uzito wa tendo lake unaonekana usoni. Magoti ni yaleyale, thamani ni mbalimbali: ya kwanza hayakumgharimu aliyeyapiga, ya pili yamemgharimu heshima yake. Zod naye ni ushahidi kwa upande wa pili. Ameuteka ulimwengu bila kutoka jasho, na muda si mrefu ameketi Ikulu akiwa amechoshwa na ushindi. Alichopata bila kulipa hakina ladha.

Baada ya kutufundisha hayo, filamu inajisahau. Superman anarudi ngomeni kwa miguu, anaiona fuwele ya kijani, na nguvu zake zinarejea bila maelezo ya maana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yamezolewa hadi tone la mwisho. Mwishoni Lois, anayeijua siri yake, kwamba Superman ndiye Clark, mwandishi mwenzake, anamweleza Clark jinsi inavyomwelemea kumpenda mtu asiyeweza kuwa wake. Clark anambusu, na busu hilo linafuta kumbukumbu zake. Halafu anarudi mkahawani, safari hii akiwa na nguvu zake zote, kumwadhibu yule dereva. Nguvu zimerudi, siri imerudi, hata fahari imerudi. Aliyepoteza ni Lois peke yake: amepoteza sehemu ya maisha yake, wala hakuulizwa.

Wapo watakaosema kasoro hizi ni za kiwandani, si za kifikra. Ni kweli kwamba Richard Donner, aliyekuwa akipiga filamu ya kwanza na ya pili kwa wakati mmoja, aliondolewa na watayarishaji, na Richard Lester akaimalizia kazi. Matukio ya Marlon Brando, aliyeigiza baba wa Superman, nayo yaliachwa kutokana na mgogoro wa malipo. Toleo la Donner lililotolewa 2006 linayarudisha, na humo baba anatoa nguvu yake ya mwisho ili mwanawe apate tena zake. Hapo deni limelipwa. Lakini toleo hilohilo linamalizika kwa shujaa kurudisha wakati nyuma, hivyo anayesahau si Lois tu bali dunia nzima. Kisha bado anakwenda kumpiga dereva kwa kosa ambalo, wakati ukiwa umerudishwa, halijatendeka. Mwongozaji amebadilika, kishawishi ni kilekile.

Pingamizi zito zaidi ni la huruma: Lois alikuwa akiteseka, na kumwondolea mateso ni wema. Lakini kulia kwa uchungu si kuomba kusahau. Uchungu ule ulikuwa wake, uliotokana na jambo alilolijua na kulichagua. Mwenye haki ya kuamua kama atauvumilia ni yeye. Wala haitoshi kusema kwamba hadithi za mfululizo hulazimika kumrudisha shujaa pale alipoanzia. Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya 2004, ni ya mfululizo pia. Shujaa wake, Peter Parker, anaacha kazi ya ushujaa, anairudia, na anaazimia kumweka Mary Jane, mwanamke anayempenda, mbali kwa usalama wake. Mary Jane anakataa kuamuliwa: amekwisha kujua hatari, anaacha harusi yake na kumfuata. Mwisho huo haumwondolei mtu mzigo. Unamruhusu aushike kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo Superman II haistahili kudharauliwa, maana kipimo kinachoifichua imekitoa yenyewe. Iliwatofautisha wapiga magoti wawili kwa kile walichopoteza, kisha ikatutaka tumshangilie shujaa asiyepoteza chochote. Mtazamaji anayeikumbuka hukumu ya Zod kule Ikulu ana haki ya kuitumia mpaka mwisho. Na popote tunapoambiwa kwamba jambo kubwa limetendeka bila kumgharimu aliyelitenda, tuwatazame waliosimama karibu naye. Mara nyingi hao ndio waliolipa.